Anwani Iandikwayo kwa Mkono: Swichi na Multikasti katika Vituo vya Kupozea Umeme

Swichi ya mtandao hujifunza kwa kuangalia. Kila fremu inapoingia, husoma anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake kwamba mwenye anwani hii yuko, tuseme, poti namba 5. Anwani ya multikasti, hata hivyo, ni ya kundi, na kundi halitumi fremu. Biti moja ya baiti ya kwanza huitambulisha, na anwani yenye alama hiyo haistahili kukaa mahali pa mtumaji. Swichi haitaijua kamwe, hata ikikesha ikingoja, kwa hiyo huimwaga fremu yake kwenye poti zote isipokuwa ile iliyoingilia. Nasema kwamba iko mitandao ambamo dawa ni fundi kuiandika anwani hiyo mwenyewe, pamoja na VLAN yake (mtandao pepe ndani ya mtandao) na poti zinazoihitaji, na kwamba tunakosea kuiita kazi hii ya kizamani.

Nitaambiwa kwamba swichi za leo huchungulia ujumbe wa IGMP, itifaki ambayo Steve Deering aliieleza katika RFC 1112 mwaka 1989: mpokeaji huomba kundi, swichi ikamfungulia. Kwa kamera na televisheni za mtandaoni sina ubishi. Lakini tuingie kituo cha kupozea umeme kinachofuata kiwango cha IEC 61850. Rilei ikiona hitilafu kwenye laini, hutuma ujumbe wa GOOSE ili umeme ukatwe, na daraja kali zaidi la kiwango hicho linataka ujumbe ufike ndani ya milisekunde 3. GOOSE hupita juu ya Etaneti moja kwa moja, bila IP, kwa anwani zinazoanza na 01-0C-CD-01. Hakuna anayeomba, basi swichi itachungulia nini? Kando yake hupita vipimo vya mkondo na volteji, ambavyo kwa umeme wa hezi 50 kwa kawaida ni sampuli 4000 kwa sekunde, takriban megabiti 5 kwa kila kipimaji. Mitiririko 20 ya vipimo hivyo ikimwagwa kwenye poti ya megabiti 100, rilei inayohitaji mmoja tu itakuwa imezibiwa njia. VLAN husaidia kugawa, ila ndani ya VLAN moja mafuriko ni yale yale.

Pingamizi zito ni jingine: ingizo la kudumu, yaani anwani iliyoandikwa kwa mkono, halihami pamoja na kifaa. Rilei ikihamishwa kutoka poti 5 hadi 7, ujumbe utaendelea kwenda poti tupu; na pale swichi zilipofungwa kwa mduara, fundi akisahau poti moja ya mduara, kebo ikikatika ujumbe haupati njia ya pili. Ni kweli, na ni hatari. Lakini GOOSE hurudiwa hata kituo kikiwa shwari, na kila ujumbe hubeba muda wake wa uhai. Muda huo ukipita bila mwingine kufika, mpokeaji anajua na hutoa tahadhari. Kosa la jedwali hujitangaza mapema, isipokuwa lile la mduara, ambalo hujificha hadi kebo ikatike. Mafuriko, kinyume chake, huvumilika siku za kawaida na kudhuru siku ya hitilafu. Isitoshe, faili ya usanidi wa kituo tayari inaeleza nani anatuma nini, kwa anwani ipi, na nani anapokea. Jedwali la swichi lilinganishwe na faili hiyo mstari kwa mstari, kisha, kabla kituo hakijawashwa, fundi mmoja achomoe kebo ya mduara huku mwenzake akiitazama rilei.