Hesabu ya Jioni na Ajali za Pikipiki: Hotuba kwa Wanachama wa Kibaha na Kisarawe



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya ajali za pikipiki. Habari hii mmekwisha kuisikia mara nyingi kutoka kwa polisi na waganga, na aghalabu lawama zote huangukia kijana aendeshaye. Lakini katika safari moja ya bodaboda mna watu watatu: aendeshaye, apandaye nyuma, na mwenye chombo aliyeketi ofisini. Sisi makarani tu hao wawili wa mwisho.

Nianze na mwenye chombo. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2010 za kutoa leseni kwa pikipiki zichukuazo abiria, watumishi wengi wamenunua pikipiki kwa akiba au kwa mkopo, wakamkabidhi kijana kwa hesabu ya kila siku. Hesabu hiyo haijui mvua wala jua. Siku ya masika abiria wamejificha barazani, lakini jioni tajiri angojea fedha zile zile. Basi kijana afanyeje? Hukimbiza, hupakia watu wawili au watatu, mtindo ambao watu wameuita mishikaki (jina la mzaha, ila yafaa mtu akumbuke ile nyama huishia wapi), tena huendelea na kazi usiku, macho yakiwa yamekwisha kuwa mazito. Akianguka, hupelekwa Tumbi, na wapo matajiri ambao swali lao la kwanza wafikapo wodini ni, “Pikipiki iko wapi?”

Hapa Kibaha hatari yetu ni barabara ya Morogoro. Malori yaendayo Zambia, Kongo na Rwanda hupita mchana na usiku, na kipande cha Kimara mpaka Kibaha, kilometa 19.2, kimepanuliwa kuwa cha njia nane. Barabara pana yapendeza, lakini humdanganya mwendeshaji akadhani anakwenda polepole. Sheria yataka mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu, wala haikutungwa kwa kuwaonea. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama baada ya breki kushika huzidi mara nne. Na ajipenyezaye ubavuni mwa lori pale Maili Moja au Mlandizi na akumbuke neno hili: usipouona uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni.

Wenzetu wa Kisarawe wana mambo mengine. Kwenye vilima vya upande wa Pugu, ashukaye yampasa atumie gia ndogo, asiiachie breki peke yake kazi yote. Akishika njia za vijiji vya ndani hukuta mchanga na changarawe. Katika lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, na yafaa zishikwe zote mbili pamoja. Mchangani ukiibana ile ya mbele kwa ghafula, gurudumu huteleza, nawe u chini kabla hujajua sababu. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi hulainisha mafuta na vumbi vilivyolala juu ya lami, ikawa utelezi mtupu. Mwenye kungoja robo saa chini ya mti hapotezi kitu.

Sasa kofia ngumu. Mwezi wa Mei 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, askari na mwandishi mashuhuri, alikuwa juu ya pikipiki yake akawakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akaanguka akaumia kichwa. Hakuwa na kofia ya kukinga kichwa. Alikufa siku ya sita. Mmoja wa waganga waliomwangalia, Hugh Cairns, hakulisahau jambo hilo. Alichunguza ajali za waendesha pikipiki, akachapisha habari zake mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru waendeshaji wake wavae kofia. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya pamoja uchunguzi wa nchi mbalimbali walikadiria kwamba kwa wapatao ajali, kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Nasi abiria twasema kofia ya bodaboda inanuka, inaharibu nywele. Huenda ni kweli. Mwenye mshahara na anunue yake, akaitundike ofisini kando ya mwavuli wake, tena aifunge kamba. Kofia isiyofungwa kidevuni huanguka kabla ya kichwa. Na lile neno letu la asubuhi, “Niwahishe, nimechelewa,” kwa kijana ni amri, kwa kuwa nauli i mkononi mwetu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, natoa shauri. Kila mwanachama mwenye pikipiki asidai hesabu siku chombo kinapotengenezwa au kijana anapougua, na aipunguze siku za mvua kubwa. Anunue kofia mbili, ya mwendeshaji na ya abiria. Kabla ya kutoa ufunguo aitazame kwa macho yake leseni ya daraja A, na bima ya chombo iwe hai. Wako watakaosema mapato yao yatapungua. Yatapungua kweli. Naomba shauri hili liandikwe katika kitabu cha mkutano, na lipigiwe kura leo kabla ya chai.