Chupa za Zamani katika Stoo



Karani hupewa mara nyingi kazi ya kuandika orodha ya vitu vya kutupwa. Leo napenda kunena juu ya chupa za madawa zilizokaa miaka mingi katika vyumba vya majaribio vya shule.

Yako madawa yatoayo mionzi isiyoonekana wala kunuka. Yaliyo mashuhuri ni chumvi za urani, ambazo nyingi zina rangi ya manjano, na nitrati ya thoriamu, iliyo nyeupe. Tusidhani ya kuwa uzee umezipunguzia nguvu, maana urani huchukua miaka ipatayo milioni 4,500 hata ipungue nusu.

Basi yatupasa nini? Kwanza, chupa isifunguliwe, kwa kuwa hatari kubwa ni vumbi likivutwa kwa pumzi; tena urani ni sumu ya mafigo. Pili, jina lililobandikwa na uzito ulioandikwa vinakiliwe kama vilivyo. Tatu, chupa isiyo na jina isikisiwe, bali aitwe mwenye chombo cha kupimia mionzi. Katika Tanzania usimamizi huo ni wa Tume ya Nguvu za Atomu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Karani akiandika “takataka” bila kuuliza, chupa hutupwa shimoni, na mtoto huiokota.

Mabwana, wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sumu nayo hupotea vivyo hivyo, lakini habari zake hurudi.