Mvua Ikipita, Ahadi Hubaki

Mvua kubwa huleta maafa ya namna mbili. Ya kwanza huonekana kwa macho: nyumba zilizobomoka, barabara zilizokatika, mifugo iliyochukuliwa na maji, na zaidi ya yote watu waliopoteza maisha. Ya pili hayaonekani upesi. Huja baada ya jua kutoka, wakati matope yanapokauka na mtu anapoanza kuhesabu mambo aliyoahidi kuyatenda, ambayo siku zake zimekwisha kupita. Hotuba hii yahusu maafa hayo ya pili, kwa kuwa ndiyo ambayo mtu aweza kuyapunguza kwa akili na bidii yake mwenyewe.

Masika ya mwaka 2024 katika Kenya ni mfano ulio wazi. Tangu Machi hata Mei maji yaliharibu mitaa ya Nairobi kama Mathare na Mukuru, na mto Tana ukafurika ukafunika mashamba na vijiji. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamezuiliwa chini ya njia ya reli karibu na Mai Mahiu yalifunguka kwa nguvu, yakaua makumi ya watu waliokuwa usingizini. Hesabu ya Serikali ilionyesha kuwa watu zaidi ya 280 walikufa katika nchi nzima msimu huo. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa hata tarehe 13 Mei.

Wala jambo hilo si geni. Wazee hukumbuka mvua za mwaka 1961, ambazo baada yake maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Wengine hukumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kila mara maji yalipungua, na kila mara watu walijikuta wako nyuma ya shughuli zao.

Sababu yake ni rahisi kufahamu. Mtu aliyezuiliwa na maji siku kumi hakupoteza kazi ya siku kumi tu. Siku ya kumi na moja huja na kazi yake yenyewe, juu ya ile iliyosalia. Kodi ya nyumba haingoji, karo haingoji, wala magugu hayangoji. Mzigo wa jana huwekwa juu ya mzigo wa leo, na mbebaji ni yule yule, tena amechoka.

Ifikiriwe hali ya fundi wa viatu katika mtaa wa bondeni. Maji yameingia kibandani mwake yakachukua vyombo vyake, pamoja na jozi sita za viatu vya watu. Mchango wa chama umepita siku yake, mwenye nyumba adai kodi ya miezi miwili, na mkopo alioupata kwa simu wazidi kukua. Fundi huyo aona haya. Azima simu, apita njia ya nyuma, asionekane na wenye viatu. Baada ya juma mbili wateja wake hawasemi tena kuwa alipatwa na mafuriko. Wasema kuwa amewakimbia na mali yao. Mafuriko yalimnyang'anya vyombo, lakini jina jema alijinyang'anya mwenyewe kwa kunyamaza.

Hapo ndipo penye hatari. Vyombo vyaweza kununuliwa tena kidogo kidogo. Lakini fundi asiyeaminiwa hapewi viatu, na asiyepewa viatu hana njia ya kulipa hata deni dogo. Ahadi ni deni, na mdeni ajitokezaye husikilizwa kuliko yule atafutwaye.

Basi yafaa kufanya nini? Kwanza, mtu aandike mambo yote yaliyochelewa, asitegemee kichwa kilichojaa mashaka. Kisha ayapange, akianza na yale ambayo kuchelewa kwake kwaweza kudhuru mwili. Mgonjwa aliyekatiza dawa za kifua kikuu au za kila siku aende zahanati mara moja, hata kama kadi yake imepotea. Mtoto aliyekosa chanjo ya juma la 6, la 10 au la 14 apelekwe pia. Haanzi upya, bali huendelea pale alipoachia.

Jambo la pili ni hati. Aliyepoteza kitambulisho na apige ripoti kwa polisi, apewe karatasi ya ushahidi, kisha aombe kingine. Aliyepoteza hati ya shamba asikawie, kwa kuwa tangazo hutolewa kwanza katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungojewa siku 60 kabla ya kupewa hati nyingine.

Jambo la tatu ni shamba. Mahindi yaliyooza hayafufuki kwa kutazamwa. Mkulima amwulize afisa wa kilimo kama muda uliobaki watosha mbegu ikomaayo upesi, au kama ni heri kupanda maharagwe, ambayo huvunwa katika muda wa miezi mitatu hivi.

Madeni yafuate. Mwenye deni na amwendee anayemdai kabla hajaitwa, aeleze yaliyompata, aseme ataweza kulipa kiasi gani na siku gani. Atoe ahadi ndogo aitimize, kuliko kubwa aivunje. Fundi yule angeweza kuwaambia wenye viatu sita kwamba atawalipa mmoja mmoja kila mwisho wa mwezi. Wengine wangekasirika, lakini hakuna ambaye angemwita mwizi. Tena ni hatari kukopa kwa mmoja ili kumlipa mwingine. Hivyo deni halipungui, bali hubadili mwenyewe na kuongezwa faida.

Lakini wajibu hauko upande mmoja. Mwenye nyumba, mweka hazina wa chama na mwenye duka nao wajiulize: je, mtu huyu alikuwa mwaminifu kabla ya mvua? Kama alikuwa hivyo, kumpa muda si hasara. Mpangaji afukuzwaye huondoka na deni lake, na mwanachama afukuzwaye halipi tena mchango. Vyama vyenye busara huweka fedha kidogo kando kila mwezi kwa ajili ya siku kama hizo, na huandika katika kanuni zao jinsi mwanachama aliyepatwa na maafa atakavyosaidiwa, ili neno hilo lisiamuliwe kwa hasira.

Mwisho, mvua nyingine itakuja. Hati muhimu na ziwekwe katika mfuko wa plastiki, mahali pa juu, na nakala zake ziachwe kwa ndugu aishiye penye mwinuko. Namba za simu za watu wa lazima ziandikwe katika daftari pia. Na kila aliye nyuma leo achague jambo moja katika orodha yake alitimize kabla jua halijatua, kisha kesho achague la pili.