Mwalimu wa Ngoma Ametoka Wapi?

Mazungumzo na wazazi na viongozi wa vikundi vya vijana, Kamukuywa



Nimeombwa niseme machache juu ya watu wanaowafundisha watoto wetu kucheza. Wengine mtaona ni jambo dogo. Tuna mahindi ya kupalilia, tuna karo ya kutafuta, ngoma ni kitu gani? Lakini hebu hesabuni saa. Mtoto aliye katika kikundi cha ngoma hufanya mazoezi baada ya masomo, na Jumamosi pia, na mashindano yakikaribia hurudi nyumbani giza limeingia. Mtu anayekaa naye saa hizo zote ni mlezi, tupende tusipende.

Sasa, tukitafuta mtu wa kuchunga ng'ombe tunauliza: huyu ni wa nani? Alikuwa kwa nani? Mbona aliondoka? Mwalimu wa ngoma tunamuuliza nini? Mara nyingi hatuulizi neno. Tunaona anarusha mabega vizuri, basi, tunampa watoto.

Mimi nataka tujifunze kuuliza. Na ili tuulize vizuri, tujue kwanza walimu hawa wanatoka wapi. Mimi naona njia tano.

Ya kwanza ni nyumbani. Hapa kwetu kamabeka, yaani ngoma ya mabega, haikuletwa na mwalimu mwenye chaki. Mtu aliijua kwa kusimama nyuma ya wakubwa kwenye harusi na kwenye sherehe, akiangalia na kuiga. Kila mwaka usiogawanyika, samahani, nasema kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, mwezi wa nane unapofika, vijana wanaokwenda jandoni hupiga chinyimba wakiwaalika jamaa na wajomba, na watu huwafuata wakiimba na kucheza. Hicho ndicho chuo. Mzee anayepiga litungu na mama anayeongoza nyimbo za harusi walihitimu hapo. Hawana karatasi. Cheti chao ni watu waliocheza nyuma yao.

Njia ya pili ni shule. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na watoto hushindana kuanzia chini hapa hadi ngazi ya taifa. Lakini mwalimu wa ngoma shuleni ni nani? Mara nyingi ni mwalimu wa hesabu au wa Kiswahili ambaye mkuu wa shule alimwambia, "Wewe utatushughulikia ngoma." Akiwa mtu wa hapa, atakumbuka alivyocheza alipokuwa mwanafunzi. Akiwa ametoka mbali, hajui kamabeka hata kidogo, na lazima amtafute mzee kijijini amsaidie. Mwalimu huyu amesomea kulea watoto, anajua kupanga kundi na kufuata saa. Ngoma yenyewe ndiyo anaazima. Tukumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Tatu, wako waliofanya ngoma kuwa kazi. Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 kule Lang'ata, Nairobi, na wachezaji wake waliajiriwa kucheza ngoma za jamii mbalimbali, si za kwao peke yake. Mluhya akajifunza ngoma ya Pwani, Mkamba akajifunza ya Magharibi. Jirani zetu wamefanya hivyo pia. Tanzania ilikuwa na kikundi cha taifa cha ngoma. Kilipovunjwa, serikali ikafungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na wachezaji wa zamani wakawa walimu. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa TaSUBa. Kampala nako, Stephen Rwangyezi alianzisha kikundi cha Ndere mwaka 1984, na vijana wengi wa Uganda wamepata riziki humo. Mtu wa njia hii anajua jukwaa, na anajua kwamba mwili ni chombo cha kazi: kwanza unaupasha moto, halafu ndipo unaruka.

Nne, wako wanaofundisha michezo ya kutoka ng'ambo. Mtashangaa, lakini kuna watoto wa Kibera na Mathare waliofundishwa baleti, ile densi ya Ulaya ya kusimama kwa ncha za vidole. Mwalimu wao, Mike Wamaya, ni Mkenya aliyekuwa mchezaji densi mwenyewe, na mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu kumi wa mwisho katika kugombea tuzo ya mwalimu bora duniani. Joel Kioko, kijana aliyelelewa katika mtaa wa mabanda wa Kuwinda, Nairobi, alifika hadi shule ya baleti ya English National Ballet kule London. Sisemi tuanzishe baleti hapa sokoni. Nasema mtoto wa maskini akipata mwalimu wa kweli, anafika mbali.

Ya tano ndiyo ngumu. Wako vijana waliojifunzia kwenye simu na kwenye disko matanga. Msicheke. Machifu wamezipiga marufuku mara nyingi, na mnajua kwa nini: muziki usiku kucha, pombe, na wasichana wa shule wanaorudi alfajiri, wengine na mimba. Lakini tuseme ukweli wote. Kijana aliyejifunza kucheza huko si lazima awe mhuni. Alikwenda huko kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuchezea. Wengine wana kipawa kweli kweli, na watoto wanawapenda. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuwasimamia na kuwaonyesha mipaka.

Sasa mtaniuliza, katika hao watano yupi ni bora? Hakuna hata mmoja anayetosha peke yake. Mzee ana ngoma lakini huenda hajazoea kundi la watoto hamsini. Mwalimu wa shule ana kundi lakini hana ngoma. Kijana ana nguvu lakini hana msimamizi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi kizuri ni kile kinachowaunganisha.

Lakini yeyote atakayekuja, awe mzee anayeheshimika au kijana wa sokoni, aulizwe maswali haya:

1. Nani alikufundisha? Mtu aliyefundishwa kweli hutaja jina bila kufikiri.

2. Umefundisha wapi, na uliondoka kwa nini? Asipojibu mara moja, mmoja wenu apande matatu aende huko kuuliza. Nauli hiyo ni ndogo kuliko machozi.

3. Una cheti cha maadili mema kutoka polisi? Kama hana, akakitafute, na kikundi kimsaidie gharama.

4. Mazoezi yatafanyika wapi, yataisha saa ngapi, na ni mtu mzima gani mwingine atakuwepo? Mwalimu asibaki peke yake na mtoto mmoja, na wasichana wasisindikizwe na mtu mmoja usiku.

5. Mtoto akiteguka mguu utafanya nini?

Mwalimu mwema hakasiriki kwa maswali haya. Yanamlinda yeye pia.

Na likitokea baya? Katika kazi yangu nimekaa na akina mama ambao mambo ya binti zao yalimalizwa chini ya mti kwa mbuzi mmoja na pesa kidogo. Ndugu zangu, hilo si kumaliza, ni kufunika. Tuna Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kosa la namna hiyo ni la polisi na mahakama, si la kikao cha wazee. Mpelekeni mtoto hospitali siku hiyo hiyo kabla hajaoga, na nguo zake mziweke. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, haina malipo.

Sasa nirudie lile la kuazima. Shule inamwita mzee mwezi mzima. Anakuja kwa miguu, anaacha shamba, anafundisha hatua na nyimbo alizopewa na baba yake. Watoto wanashinda. Kikombe kinakaa ofisini, mwalimu anapigiwa makofi, na mzee anapewa soda na mkate. Mwaka unaofuata akiitwa anasema mgongo unauma. Je, ni mgongo kweli? Mwenda bure si mkaa bure, lakini hata mwenda bure hula.

Kama tunamlipa fundi wa kushona sare za ngoma, tumlipe na fundi wa ngoma yenyewe. Wapatane mapema, waandike kwenye karatasi: siku ngapi, shilingi ngapi, nauli nani atatoa. Na jina lake lisomwe siku ya kikombe. Mtoto akiona mzee analipwa, ataelewa kwamba anachofundishwa ni mali. Mfumo wetu mpya wa elimu umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, kwa hivyo mtoto wako anaweza kuitegemea ngoma hii kwa chakula chake. Wazee wakiondoka kabla hajajifunza, ataitoa wapi?



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo

Je, unamjua kwa jina mtu anayemfundisha mtoto wako ngoma au densi? Nani alimfundisha yeye?

Katika kijiji chetu ni wazee na akina mama gani bado wanaijua kamabeka vizuri? Nani anajifunza kwao sasa?

Vijana wetu wanaweza kucheza wapi mchana, mahali pa wazi, ili wasingoje matanga?