Fidla ya Cape Breton haikuzikwa

Mwaka 1971 televisheni ya taifa ya Kanada, CBC, ilirusha filamu iliyobashiri kwamba wapiga fidla wa kisiwa cha Cape Breton, wazao wa Waskoti waliohamia huko, wangetoweka. Wenyewe waliudhika, na haki yao. Mwaka 1973 wapiga fidla zaidi ya 100 walikusanyika Glendale, kisiwani humo, na vijana wakatafutiwa madarasa. Fidla ile iliokolewa na matumizi: watu waliipiga jikoni na kwenye kumbi za parokia, watoto wakainasa kwa sikio kabla ya kujua noti.

Wapo wasemao kwamba ngoma ikishavuka bahari hupoteza asili yake. Ni kweli, mtindo wa Cape Breton una lafudhi yake. Lakini ngoma inayochezwa kwa fidla hiyo, ya kugonga sakafu kwa visigino na ncha za viatu, iliyofifia mno Uskoti kwenyewe, ilifundishwa tena huko na walimu kutoka Cape Breton, hasa miaka ya 1990, hata katika chuo cha Sabhal Mòr Ostaig, kisiwani Skye. Wanaodai hati ya asili wawaulize wanafunzi wale walifundishwa na nani.