Nani Aliulizwa Habari ya Kikokotoo?

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Kilosa)

Ndugu wanachama wa Kilosa, na ninyi ndugu zetu mliopanda gari alfajiri kutoka Mikumi,

Twataka kusema habari ya kikokotoo. Neno hili zamani lilikuwa la makarani wa hesabu. Leo hata mama muuza vitumbua pale stesheni alijua, maana mumewe ni mwalimu aliyebakiza miaka 2 astaafu.

Sisi tulisomea ualimu, basi tuvumilieni tuandike ubaoni. Mwalimu ametumikia miaka 30, na mshahara unaopigiwa hesabu ni shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF angepokea mkupuo wa milioni 62, na kila mwezi kama 333,000. Kwa kanuni iliyoanza Julai 1, 2022, mkupuo ukawa asilimia 33, yaani milioni 30 na laki 7, na kila mwezi kama 415,000. Tusidanganyane: pensheni ya mwezi imepanda, na wale ambao mifuko yao ilikuwa ikitoa asilimia 25 wao walipata nyongeza. Tena mfuko ukikauka hakuna atakayelipwa. Lakini mzee wa miaka 60 anayetakiwa kuihama nyumba ya shule hajengi kwa laki 4 za mwezi. Hizo ni za unga na dawa.

Sasa nani alikubali? Kanuni ya asilimia 25 ilipoletwa mwaka 2018 wafanyakazi walipiga kelele, na Desemba 28 mwaka ule Rais Magufuli, alipokutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliamuru ya zamani iendelee hadi 2023. Ulikuwa muda wa kutosha. Je, katika muda ule nani kati yenu aliitwa mkutanoni akaulizwa, "Twende na asilimia ngapi?" Nyosheni mikono. Hakuna. Kisha tukasikia redioni kwamba Serikali, waajiri na TUCTA wamekubaliana 33.

Mwalimu hukatwa sehemu ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya chama cha wafanyakazi. Kukatwa hakusahauliki. Kuulizwa ndiko kunakosahauliwa.

Manung'uniko hayakwisha, yakafika Bungeni. Katika bajeti ya Juni 2024 ile 33 ikawa 40 kwa waliokuwa na nusu, na 35 kwa waliokuwa na 25. Mwalimu wetu wa ubaoni sasa ana milioni 37 na laki 2. Kumbe iliwezekana! Kama iliwezekana 2024, yatupasa kuwauliza waliokwenda kutusemea 2022: mlidai ngapi mlipoingia chumbani, na mlishushwa na hoja gani?

Wafanyakazi wa reli ya Tanganyika waligoma siku 82 mwaka 1960, na njia yao kuu ni hii hii ipitayo hapa. Baadaye, mwaka 1964, ikaundwa NUTA, katibu mkuu akiteuliwa na Rais, naye huyo huyo akawa waziri wa kazi: anadai kwa mkono huu, anajijibu kwa mkono wa pili. Wazee wetu walikuwa na udhuru. Sisi hatunao, kwa sababu viongozi wa leo twawachagua wenyewe, na siku ya uchaguzi wa tawi wengi wetu tumo shambani tunapalilia. Hili nalo tuliseme, hata kama linauma.

Twataka tawi liandike barua: pasitiwe sahihi jambo la uzeeni kabla halijarudishwa matawini likajadiliwa, na aliyekwenda kujadiliana arudi kusema alichokubali yeye mwenyewe kwa kinywa chake.

Jumamosi ijayo njooni na hati zenu za mishahara tupige hesabu ya kila mmoja. Ndugu wa Mikumi, msiingie nauli tena. Tutawafuata huko huko.