Mwalimu Mkuu na Chaki



Carey Francis alikuwa mkuu wa Alliance, Kikuyu, tangu 1940 hata 1962, na ukubwa huo haukumtoa darasani: hesabu alifundisha mwenyewe. Alipostaafu alikwenda Pumwani, Nairobi, akafundisha huko hata alipofariki mwaka 1966. Mkuu ashikaye chaki huona watoto wanapokwama, naye aweza kumwongoza mwalimu kijana pasipo kumwaibisha.

Mkuu wa shule yetu hana nafasi hiyo. Kutwa yu katika daftari za karo na stakabadhi. (Sisi makarani twaijua kazi hiyo, haihitaji mwalimu.) Basi twaomba fedha zilizochangwa kwa lango jipya zitumiwe kumwajiri karani tangu muhula ujao, mkuu apate kufundisha angalau vipindi vinne kwa juma.